Namna ya Kurekodi Video ya Usaili wa Uigizaji Ukiwa Mwanza

Kijana wa Kirumba anayetamani kuigiza kwenye filamu na aanzie jukwaani, shuleni au kanisani, kabla ya kuiwaza kamera. Mwigizaji Zendaya, mzaliwa wa Oakland, Marekani, mwaka 1996, alijifunza kwanza kwenye ukumbi wa maigizo alikofanya kazi mama yake, ndipo akaonekana kwenye tamthilia ya Disney Channel mwaka 2010. Mwaka 2020, akiwa na miaka 24, akatwaa Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani.

Video yenyewe irekodiwe ndani. Mandhari ya mawe ya Bismarck yanavutia mno, lakini upepo wa ziwa huingia kwenye maikrofoni ya simu na kumeza maneno, na isitoshe, msaili anautafuta uso wako, si ziwa. Simama ukielekea dirishani, ukuta mtupu ukiwa nyuma yako, na simu uilaze kwa upana, usawa wa macho; anayekusomea maneno ya mhusika wa pili akae kando ya simu, asome kwa sauti ya chini kuliko yako. Taja jina na umri, kisha uigize. Aliye chini ya miaka 18 asiitume bila mzazi kujua, na anayedai ada ya usaili asipewe hata shilingi.