Ana pumu, ana mzio wa karanga, na Januari anaingia bweni

Fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza ina orodha ndefu: godoro, ndoo, jembe, mashuka, tranka lenye kufuli. Kwenye ukurasa wa afya kuna mstari mmoja tu wa kueleza maradhi ya mtoto. Mwaka tuliompeleka binti yangu niliandika hapo "pumu", basi. Karanga sikuzitaja. Niliona karanga ni habari ya jikoni na pumu ni habari ya hospitali. Muhula wa kwanza haujaisha, akala mchicha uliokuwa umeungwa karanga, kifua kikabana, na waliokuwa naye wakamvutisha pampu tu, kwa sababu fomu ilisema pumu. Alipona. Lakini mzazi anayefunga tranka mwaka huu sitaki ayapitie.

Mzio wa chakula na pumu humwandama mtoto yuleyule mara nyingi. Takwimu za Marekani za mwaka 2007 zilionyesha kwamba katika kila watoto 100 wenye mzio wa chakula, 29 walikuwa na pumu pia. Kwa wasio na mzio huo walikuwa 12. Hatari yenyewe iko hapa: njia za hewa ambazo tayari zimevimba kwa pumu hubana upesi na kwa nguvu zaidi mzio unapolipuka. Mwaka 2001 ilichapishwa hukohuko ripoti ya vifo 32 vilivyoletwa na mzio wa chakula. Wengi wa marehemu walikuwa vijana, karibu wote ambao taarifa zao zilikuwa kamili walikuwa na pumu, na wengi hawakuwa na adrenalini, dawa ya sindano ya kuzima mzio mkali, karibu.

Kwa hiyo anza na kifua, tena mapema, Novemba au Desemba, siyo wiki ya kuripoti. Mtoto anayevuta pampu ya bluu, ile ya kufungua kifua, zaidi ya mara mbili kwa wiki, au anayeamshwa usiku na kikohozi, pumu yake haijatulia. Mwambie daktari hivyo. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu uitwao GINA hautaki kijana wa miaka 12 na kuendelea ategemee pampu ya kufungua kifua peke yake. Anahitaji pia dawa ya kuvuta inayotuliza uvimbe. Hii ndiyo wazazi wengi tunaiacha mara mtoto anapopata nafuu, na hapo ndipo tunapokosea. Ikiwa kile chombo cha kuunganisha na pampu ili dawa ifike vizuri kifuani (spacer) ni ghali, chupa ya plastiki ya mililita 500 inatosha: toboa tundu kitakoni lilingane na mdomo wa pampu, ziba pembeni kwa gundi, mtoto avutie shingoni mwa chupa. Watafiti wa Afrika Kusini walithibitisha mwaka 1999 kuwa inafanya kazi sawa na ya dukani.

Kisha nenda ukaonane na mpishi. Ndiyo, mpishi mwenyewe, siyo mkuu wa shule peke yake. Karanga hujificha kwenye kisamvu, kwenye uji wa lishe, kwenye kashata za duka la shule, na kwenye upawa uliotoka sufuria moja ukaingia nyingine. Mwenye mzio wa samaki anaweza kubanwa kifua hata kwa mvuke wa samaki wanaokaangwa. Omba mtoto apakuliwe kwanza, kwa upawa safi. Ila usimpigie marufuku vyakula kwa kuhisi tu. Anayenyimwa maziwa, mayai na samaki bila sababu ya kitabibu anadhoofika bure.

Jambo ambalo matroni anapaswa kulijua kama jina lake ni hili: kubanwa kifua ghafla baada ya kula, kwa mtoto mwenye mzio, kuchukuliwe kuwa ni mzio mpaka ithibitike vinginevyo. Angalia midomo kuvimba, ngozi kuwasha na kutoka mabaka, sauti kukwaruza, kutapika, kizunguzungu. Ngozi inaweza kubaki safi kabisa, kwa hiyo msisubiri vipele. Dawa ya kwanza ni sindano ya adrenalini kwenye nyama ya paja, upande wa nje. Pampu inafuata baadaye. Piriton hupunguza muwasho lakini haifungui koo. Mtoto alazwe miguu ikiwa juu, au akae kama anahema kwa shida, na asitembezwe kwenda kwenye gari, abebwe. Hata akipata nafuu apelekwe hospitali, maana mzio unaweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Sindano za kujichoma mwenyewe ni adimu kwenye maduka yetu ya dawa. Kwa hiyo kabla ya shule kufunguliwa, fika kwenye zahanati iliyo karibu na shule, uliza kama wana adrenalini na nani anakuwepo usiku. Uliza pia gari la shule hulala wapi. Majibu yaandike kwenye karatasi moja, na kipimo cha dawa alichoandika daktari, ikae kwa matroni na nakala ndani ya tranka.

Vijana wa umri huu huona aibu kuvuta pampu mbele ya wenzao. Mruhusu binti au kijana wako achague marafiki wawili wa kuwaeleza mwenyewe, kwa maneno yake, nini cha kufanya akizidiwa. Pampu ikae mfukoni mwake, isifungiwe ofisini. Na siku ya wazazi, kabla hujafungua hotpoti, mwombe akuonyeshe anavyoivuta. Pampu nyingi za bluu zina mivuto 200. Isiyo na kihesabu, andika juu yake tarehe ya kuifungua.