Somo: kisima kimeingia chumvi? Kipime, usikichimbe

Kila wiki naulizwa lile lile: "Maalim, kisima kimeanza chumvi, nikiteremshe mita ngapi?" Naandika mara moja. Hili ni la visima vya mwambao, kwenye mawe ya matumbawe, kwetu huku Unguja, Paje mpaka Makunduchi.

1. Subiri bamvua, mwezi mwandamo au mpevu.

2. Funga jiwe kwenye kamba isiyovutika. Piga fundo kila shubiri.

3. Usiku huo asiteke mtu.

4. Pima maji bahari ikijaa, pima tena ikipwa, na uonje mara zote mbili. Kisima huchelewa kuliko pwani, kwa hiyo rudia kila saa. Kikipanda na kushuka pamoja na bahari, jua mawe yana njia ya kupitisha maji ya bahari.

5. Ukikuta chumvi, USICHIMBE. Hapa ndipo nilipoumbuka mie. Nilimwita fundi, akashuka na mtaimbo mita 2 zaidi. Maji yakajaa, nikatamba mtaa mzima. Wiki ya pili chai hainyweki. Maji ya mvua yakishazama mawe huelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi: lita ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ni gramu 1,000, ya bahari kama 1,025. Kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari imebeba kama mita 40 chini yake. Ukiyateremsha mita hiyo moja, chumvi taratibu inapanda kuja kukufuata. Na karibu na pwani tabaka lenyewe ni jembamba. Pampu kubwa ni balaa lile lile. Nilifukia zile mita 2, nikarudi kwenye ndoo, nikangoja masika.

MASUALI

— Sijasoma yote. Nikichimba mita 3 tu?

Hatua ya 5. Isome.

— Fundi wangu kachimba visima 30, wewe umechimba vingapi?

Kimoja, na nilikiharibu. Muulize yeye vingapi kati ya hivyo 30 vinanywewa leo.

— Shikamoo maalim. Huku Micheweni, Pemba, maji hayana chumvi mdomoni, lakini birika linaganda weupe. Nini hicho?

Marahaba mwanangu, suali zuri hili. Hiyo ni chokaa. Mvua hubeba hewa ya ukaa kutoka angani na zaidi kwenye udongo, ikawa kali kidogo, ikala jiwe njiani. Ukichemsha, hewa inatoka na chokaa inaganda. Kwangua kidogo, kamulia ndimu: ikitoa povu, ndiyo. Pango la Mangapwani lenye maji yake limechongwa na mvua hivyo hivyo, na jiwe hilo hilo likichomwa tanuuni ndilo lililopaka kuta za Mji Mkongwe.

— Mie ukoko wa birika nauchemsha na ukwaju, unatoka wote.

Ukwaju kiasi gani? Langu limeshakuwa zito kama nanga.