Mwanao anapokaribia kuvunja ungo: ya kumtayarishia

Usingoje damu ndipo useme naye. Matiti yakianza kuchomoza, hedhi huja baada ya miaka miwili hivi. Akianza kuona ute mweupe kwenye chupi, pengine imebaki miezi tu. Hapa Lamu kazi hii aghalabu huachiwa somo, yaani mwanamke anayemfunza msichana mambo ya utu uzima. Somo ni hazina, ila mara nyingi huitwa mambo yameshatokea, na mtoto ambaye hakuambiwa hudhani ameumia, akaficha.

Mwambie wazi: damu hutoka siku mbili hadi saba, kwa jumla vijiko viwili hadi vitano vya mezani, ingawa kwa macho huonekana nyingi. Miaka ya mwanzo haina mpango; kutoka hedhi moja kuanza hadi nyingine huweza kupita siku 21 hadi 45.

Mtilie kwenye mkoba wa shule pedi mbili, chupi safi na vipande vya gazeti vya kufungia iliyotumika. Sheria ya Kenya tangu 2017 inaitaka serikali itoe pedi bure kwa wasichana waliobalehe katika shule za umma, basi muulize mwalimu wa kike, lakini usikose akiba nyumbani.

Kisha mpe pedi aijaribu mbele yako. Abandue karatasi, upande wa gundi ukae kwenye chupi, pamba juu, mabawa yakunjwe chini ya chupi. Wengi hukosea hapa: hubandika mbele mno, na usiku akilala chali damu hupita nyuma. Abadilishe kila saa nne hadi sita hata kama haijajaa, maana joto letu huleta harufu na vipele upesi. Pedi isitupwe chooni, huziba.

Wanaotumia pedi za kitambaa wanahitaji angalau sita, na kufua ndiko kwenye kazi. Loweka kwa maji baridi nusu saa. Maji ya moto huigandisha damu kitambaani na doa halitoki tena. Kwa maji ya kisima chenye chumvi, sabuni ya kipande haitoi povu. Huacha utando, na kitambaa chenye utando hakinyonyi, ndipo damu huvuja kando. Tumia sabuni ya unga, na suuza mara ya mwisho kwa maji matamu, ndoo nusu yatosha.

Kosa kubwa zaidi ni la aibu: kitambaa kibichi kuanikwa chini ya godoro au ndani ya kabati. Hakikauki, huota ukungu, na mtoto huanza kuwashwa. Kianike juani, penye upepo, pamoja na nguo nyingine za wanawake. Kama ni lazima kufunika, tumia leso nyepesi na ukigeuze. Masika jua likikosekana, kipige pasi ya moto mpaka kikauke kabisa.

Tumbo likimkata, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa leso juu ya kinena husaidia. Mwenye miaka 12 na zaidi aweza kunywa parasetamoli ya miligramu 500, kidonge kimoja, apumzike saa sita kabla ya kingine. Aspirini asipewe.

Mpeleke hospitali akijaza pedi kila saa kwa saa mbili mfululizo, hedhi ikipita siku saba, akiona kizunguzungu, au akifika miaka 15 bila kuona chochote.

Wako wanaokataza kuoga au kuosha kichwa siku hizo. Si kweli. Aoge asubuhi na jioni, ajisafishe kutoka mbele kwenda nyuma, sabuni isiingie ndani.

Kwa Mwislamu, akiwa na hedhi hasali wala hafungi. Sala hatazilipa, saumu za Ramadhani atazilipa, basi ahesabu siku na kuziandika. Damu ikikatika, mfundishe josho, yaani kuoga kwa kujitahirisha: atie nia, maji yafike mwili mzima mpaka mashina ya nywele. Nywele alizosukwa zikizuia maji, zifumuliwe.