Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kufunga Ramadhani Ukiwa na Kisukari

Usisubiri mwezi uandame ndipo uanze kumtafuta daktari. Nenda kliniki unayohudhuria, iwe Amana, Temeke, Mwananyamala au kwingineko, wiki sita hadi nane kabla, ili kama kuna vipimo vya figo au cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, muda uwepo. Muulize waziwazi: nifunge au nisifunge? Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, mjamzito anayetumia insulini, mwenye figo zilizochoka na yeyote ambaye sukari yake ilishuka vibaya miezi ya karibuni, mara nyingi ataambiwa asifunge, na akiambiwa hivyo atii. Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kula, kwa hiyo asiwaonee haya majirani.

Nunua mashine ya kupimia sukari na vipande vyake vya kutosha mwezi mzima. Kuchoma kidole hakubatilishi saumu. Wanazuoni wengi wamelisema hilo.

Sasa dawa. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo tulipoumia nyumbani kwetu Mbagala.

Mama yangu alikuwa akitumia glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni. Ramadhani ya mwaka 2022 hatukumuuliza mtu. Cha asubuhi tukakifanya cha daku, cha jioni kikawa cha futari, tukaona tumemaliza kazi. Siku moja usingizi ulimzidi, akala daku ya chai ya rangi na kipande cha muhogo, kisha akameza kidonge kizima kama kawaida. Saa kumi alasiri alikuwa amekaa kwenye mbuzi akikuna nazi ya kuungia maharage, nami nikiwa ndani nikasikia mkuno umekoma. Nilipotoka uani nilimkuta ameshika kifuu anakitazama tu, kanga ya mabegani imelowa jasho chapachapa, na alipogeuka akaniita kwa jina la marehemu dada yake. Tukadhani ni joto na njaa. Shangazi akasema aachwe alale, magharibi haiko mbali. Nusu saa nzima ilipotea kabla mdogo wangu hajaleta mashine, nayo ikasoma 2.4 mmol/L, yaani sukari imeshuka mno. Tulimkorogea vijiko vitatu vya sukari katika nusu glasi ya maji, akanywa mwenyewe, na baada ya dakika 15 ikafika 5.1, akaanza kututambua. Tukashukuru, akafuturu, akalala. Saa nne usiku ilikuwa 2.9.

Huko kushuka mara ya pili hatukukutarajia kabisa. Glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu na huendelea kulisukuma kongosho litoe insulini hata kama tumbo ni tupu, na kwa mzee ambaye figo zake zimechoka huchelewa zaidi kutoka, ndiyo maana sukari iliyopandishwa kwa kijiko inaweza kuporomoka tena baada ya saa kadhaa. Tulimkimbiza hospitali, akatundikiwa dripu ya glukosi na kupimwa usiku kucha. Daktari alimzuia kufunga siku zilizobaki, na kabla ya mfungo uliofuata akambadilishia dawa kabisa.

Kwa hiyo usipange upya saa wala kiasi cha dawa kwa akili yako, na usiiache pia ukidhani kufunga kutashusha sukari yenyewe. Metfomini, kidonge kingine cha kisukari, ikitumiwa peke yake ni nadra kuishusha kupita kiasi. Insulini na vidonge vya jamii ya glibenklamidi ndivyo vya kuogopwa. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6, fungua papo hapo, hata kama zimebaki dakika kumi muadhini aadhini. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni, apelekwe hospitali.

Chakula nacho kipangwe mapema. Daku isirukwe, na iliwe karibu na alfajiri: ugali wa dona, maharage, samaki, mchicha. Kwenye futari anza na maji na tende moja au mbili, kisha uchague kimoja kati ya muhogo, viazi vitamu, magimbi, ndizi na tambi, kwa sababu vyote ni wanga, na sinia letu la futari huvikusanya vyote pamoja na kaimati zilizochovywa shira. Uji wa pilipili manga unyweke bila sukari. Ulimi huzoea ndani ya wiki moja. Maji yanywewe kidogo kidogo usiku mzima.

Ukitoka, uwe na peremende mfukoni, maana foleni ya Mbagala jioni haina huruma na mtu anayetetemeka ndani ya daladala. Kazi nzito za juani zifanywe asubuhi. Insulini isigandishwe, na umeme ukikatika usilifungue friji ovyo. Miguu nayo ikaguliwe kila usiku baada ya tarawehe, hasa katikati ya vidole, pamoja na nyayo.