Tawi la benki kijijini likifungwa: nini kifanyike kabla ya siku ya mwisho

Tangazo likishabandikwa mlangoni, ulizia kwanza: linafungwa tawi, au inafungwa benki? Tawi likifungwa, akaunti huhamishiwa tawi jingine, na kwa watu wa mlimani Kilimanjaro mara nyingi hilo ni la Moshi mjini. Fedha zako zipo palepale. Benki ikifutiwa leseni ni habari nyingine. Meru Community Bank ya Arusha ilifungwa na Benki Kuu Januari 2018 kwa upungufu wa mtaji, na wateja wakaelekezwa Bodi ya Bima ya Amana. Kikomo cha fidia wakati ule kilikuwa shilingi 1,500,000. Tangu 2023 ni 7,500,000. Kinachozidi hapo kinamsubiri mfilisi auze mali za benki, na kusubiri huko huwa kurefu.

Tuseme ni tawi tu. Anza na simu. Namba iliyosajiliwa benki iwe inayotumika na iwe kwa jina lako, maana ukishamkosa karani wa dirishani, simu ndiyo inayobaki. Wazee wengi waliandikisha namba ya mtoto aliyehamia Dar. Hiyo ibadilishwe sasa, kwa kitambulisho cha NIDA, pamoja na kadi inayokaribia kuisha muda.

Akaunti za vikundi ndizo zinazosumbua zaidi. Kubadilisha watia saini hakufanyiki kwa wakala, na mmoja akifariki au akihama, fedha za VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa) zinakwama. Itisheni kikao mapema. Muhtasari utaje wanaotoka na wanaoingia, usainiwe na kugongwa muhuri wa kikundi. Ambatanisheni picha za pasipoti, namba za NIDA na barua ya serikali ya kijiji, kisha watia saini wote waende siku moja; akikosekana mmoja, mnarudi tena. Mwenye mkopo aulize kwa maandishi hati yake ya shamba inahifadhiwa wapi.

Matawi mengi ya wilayani yalianza enzi za NBC, Benki ya Taifa ya Biashara, iliyoundwa 1967 benki zilipotaifishwa. Ilipogawanywa 1997, mengi yakaangukia NMB. Leo kuweka na kutoa fedha kumehamia kwa wakala na kwenye simu, na tawi lenye foleni fupi ni gharama tupu.

Kwa wakala, tatizo ni floti, yaani fedha anazofanyia kazi. Msimu wa kahawa, AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ikilipa, wote wanataka kutoa siku ileile, na droo inaisha kabla ya saa sita. Mpigie jana yake umtajie kiasi, au toa kidogokidogo ukikubali makato ya kila mara. Namba ya siri bonyeza mwenyewe. Usiondoke bila risiti ya mashine na ujumbe wa benki. Vikitofautiana, rudi kwa wakala hapohapo.

Matapeli nao hulisoma tangazo. Anayekupigia akitaka namba ya siri “ili tuhamishe akaunti yako” mkatie simu: benki huhamisha akaunti bila namba hiyo.