Kufuatilia mafua ya ndege Kisumu: tukio moja, namba moja, simu tatu

Nafanya kazi ya afya ya mifugo katika uwanda wa Kano, Kaunti ya Kisumu. Mwongozo huu ni wa wenzangu wa kaunti ndogo: walio upande wa mifugo, wa hospitali, wa wanyamapori na wa mazingira. Januari 2017 Uganda ilithibitisha mafua ya ndege aina ya H5N8 kandokando ya Ziwa Victoria. Buabua wa porini walikufa kwa wingi, na virusi vikapatikana pia kwa bata na kuku wa nyumbani. Ziwa hilo ndilo hili linalopiga mawimbi ufuoni Dunga, hapa Kisumu.

Hatua ya 1: Jua ndege hukutana wapi

Usianze na fomu. Tafuta kwanza mahali ambapo ndege wa porini, kuku na watu hutumia maji au uwanja mmoja. Kwetu ni mashamba ya mpunga ya Ahero, fuo za wavuvi, na soko la Kibuye, ambako kuku wa vijiji vingi hubanwa kwenye tenga moja. Ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia huwa huku tangu Oktoba hivi hadi Aprili. Miezi hiyo zidisheni ziara. Wafugaji wa bata waandikwe mapema, kwa sababu bata anaweza kumwaga virusi kwenye kinyesi huku akionekana mzima kabisa.

Hatua ya 2: Kubalianeni kigezo cha kuinuka

Kuku wakifa, kijiji kizima husema ni kideri (Newcastle), na mara nyingi ni kweli. Lakini vifo vya ghafla, kichwa kuvimba, undu kugeuka zambarau, kuhara na shingo kupinda huweza kuonekana katika magonjwa yote mawili. Ni maabara tu inayoweza kuamua. Kwa hiyo nashauri muinuke kwenda kuchunguza kukitokea kimojawapo kati ya haya: kuku watano au zaidi wamekufa katika boma moja ndani ya siku mbili, kuku waliochanjwa kideri wanakufa kwa wingi, ndege watatu wa majini wamekutwa wamekufa mahali pamoja, au mtu aliyeshika ndege wagonjwa amepata homa na kikohozi.

Hatua ya 3: Simu tatu, saa hiyo hiyo

Hapa ndipo kazi huharibika. Habari ya kuku hupanda kwa idara ya mifugo, ya mgonjwa hupanda Wizara ya Afya, ya ndege pori huenda KWS, shirika la wanyamapori. Nairobi kuna kitengo cha pamoja cha magonjwa yanayotoka kwa wanyama, lakini habari zikingoja kukutanishwa huko, mizoga itakuwa imeliwa au imeoza.

Basi sheria iwe hii: anayepokea habari kwanza awapigie wenzake wa sekta nyingine tatu kabla ya kupanda pikipiki, na asingoje majibu ya maabara. Kisha tukio lipewe namba moja, kwa mfano NYANDO-01, na namba hiyo hiyo iandikwe kwenye daftari la mifugo, kwenye fomu ya mgonjwa na kwenye chupa za sampuli. Bila namba hiyo, hakuna atakayejua kwamba mama anayekohoa Ahero ndiye aliyechinja kuku walioandikwa kwenye daftari jingine.

Mwenye kuku msimwendee kwa vitisho. Akihofia hasara, atauza wagonjwa Kibuye alfajiri, na ugonjwa utasafiri nao.

Hatua ya 4: Sampuli

Vaa barakoa inayobana vizuri, miwani, glavu na buti. Usipasue mzoga uwanjani. Pangusa koo na tundu la kinyesi kwa vijiti tofauti vyenye ncha ya nyuzi za kutengenezwa. Vijiti vya mti vyenye pamba vinaweza kuvuruga kipimo. Tumbukiza kila kijiti kwenye chupa yenye maji maalumu ya kuhifadhi virusi, weka kwenye kisanduku cha barafu kwa nyuzi 4 hivi, na zifike maabara ndani ya saa 48. Usizitie kwenye friza ya kawaida ya nyumbani. Huko virusi huharibika.

Sokoni, pangusa pia sakafu ya tenga, meza ya kuchinjia na ndoo ya manyoya. Mara nyingi meza huonyesha kilichopita hata kama kuku wa leo ni wazima.

Wa mazingira wana kazi ambayo sisi wengine hatuiwezi. Kwenye mpunga wa Bunyala, kaunti ya Busia, ndege pori wamewahi kuuawa kwa sumu ya Furadan na kuuzwa kama kitoweo. Rundo la ndege waliokufa shambani laweza kuwa sumu au virusi, kwa hiyo tumeni mizoga kwa vipimo vyote viwili, na mwonye watu wasile.

Hatua ya 5: Watu

Andika kila aliyeshika, kuchinja, kunyonyoa au kufagia. Wafuatiliwe kwa siku 10 baada ya mguso wa mwisho. Ulizeni pia kuhusu macho: Marekani mwaka 2024, wafanyakazi wengi walioambukizwa H5 (kundi la virusi vya mafua ya ndege) mashambani walikuwa na macho mekundu. Anayeugua apelekwe hospitali akiwa na namba ya tukio mkononi, na maabara iambiwe waziwazi kwamba mnashuku H5. Dawa ya virusi vya mafua iitwayo oseltamivir hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze.

Hatua ya 6: Mizoga

Uwanda wa Kano hufurika mto Nyando ukijaa, na shimo la mizoga laweza kufumuka. Chomeni, au zikeni kwenye mwinuko, mbali na visima na ziwa.

Hatua ya 7: Majibu

Mwenye kuku apigiwe simu siku ile ile majibu yanapofika, hata ikiwa ni kideri tu. Mwambieni pia tarehe ya kuchanja vifaranga atakaowaingiza tena.