Mshambuliaji Aliyechelewa Kung'ara: Mwongozo wa Kufika Ligi Kubwa Baada ya Miaka Ishirini

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mshambuliaji wa kati mwenye umri wa takriban miaka 19 hadi 26 ambaye hakupita katika akademi, au alipita akaachwa, na ambaye bado anafumania nyavu kila wiki katika ligi ya wilaya au ya mkoa huku akiambiwa kwamba muda wake umekwisha. Unawafaa pia makocha wa timu hizo ndogo, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wanaoamua kama mchezaji wa aina hiyo atasogea mbele au atatundika viatu mapema. Nimeufuata zaidi mfano wa Jamie Vardy kwa sababu kila hatua aliyopitia inaonekana waziwazi, na pale ambapo maisha yake hayatoshi kufundisha, nimewaita Ian Wright, mshambuliaji wa zamani wa Arsenal, na Didier Drogba, mshambuliaji wa zamani wa Chelsea na Ivory Coast.

Vardy alizaliwa Sheffield, Uingereza, mwezi Januari 1987. Klabu ya Sheffield Wednesday ilimwacha akiwa na miaka 16 kwa kumwona mfupi mno. Alijiunga na Stocksbridge Park Steels, timu ndogo ya jirani, ambako alipopandishwa kikosi cha wakubwa alilipwa pauni 30 kwa wiki na kuendelea kufanya kazi katika kiwanda cha vifaa vya tiba. Mwaka 2010 alikwenda FC Halifax Town, mwaka 2011 Fleetwood Town, na Mei 2012, akiwa na miaka 25, Leicester City ilimnunua kwa pauni milioni 1, bei ambayo haikuwahi kulipwa kwa mchezaji anayetoka nje ya madaraja manne ya kulipwa ya Uingereza. Miaka minne baadaye alikuwa bingwa wa Ligi Kuu ya Uingereza akiwa na magoli 24.

Anza kwa kujua kwa nini uliachwa

Mchezaji aliyeachwa hupenda kusema kwamba kulikuwa na upendeleo, na wakati mwingine ni kweli, lakini jibu hilo halimpi kazi ya kufanya kesho asubuhi. Mwendee kocha aliyekuacha, umsalimie kwa heshima, umwombe akueleze alichokosa kwako, kisha uyagawe majibu yake katika mafungu matatu: mwili, ufundi na mwenendo. Kasoro za mwili hubadilika kadiri mtu anavyokua, na zile zisizobadilika hufidiwa kwa sifa nyingine, kama Vardy alivyofidia ufupi kwa kasi. Kasoro za ufundi zinafunzwa. Mwenendo ndio unaomaliza wachezaji wengi, nami nauwekea mkazo kwa makusudi.

Mwaka 2007 Vardy alitiwa hatiani kwa kosa la shambulio, akafungwa kifaa cha ufuatiliaji mguuni na kuwekewa amri ya kuwa nyumbani kila jioni, hivyo katika baadhi ya mechi za ugenini ilimlazimu kutoka uwanjani kabla ya filimbi ya mwisho ili awahi. Ian Wright, kabla hajapata mkataba wowote wa kulipwa, aliwekwa gerezani kwa muda mfupi kwa sababu ya faini za barabarani ambazo hakuzilipa. Visa hivi husimuliwa siku hizi kama sehemu ya utamu wa hadithi zao, na naona hilo ni kosa, kwa kuwa kwa mtu ambaye tayari amechelewa, kila mwezi unaopotea ni wa thamani mara mbili. Ikiwa una deni la nidhamu, lilipe kabla hujatafuta timu nyingine.

Chagua silaha moja uinoe

Mchezaji wa miaka 22 anayetoka chini hana nafasi ya kuwa mzuri kidogo katika kila jambo. Klabu kubwa tayari ina vijana wa namna hiyo, nao ni wadogo kuliko yeye na wamefunzwa tangu utotoni. Anachoweza kupeleka ni kitu kimoja ambacho beki wa daraja la juu hatakipenda. Kwa Vardy kitu hicho kilikuwa mbio za kupenya nyuma ya mabeki, na kwa kuwa ni silaha inayoweza kufunzwa hata katika uwanja wa vumbi, nitaieleza kwa kirefu.

Jambo la kwanza ni mahali pa kusimama. Usisimame mbele ya macho ya beki wa kati, bali nyuma kidogo ya bega lake, upande ambao hawezi kukuona bila kuuacha mpira. Beki anayelazimika kugeuza kichwa mara kwa mara huchoka kiakili kabla miguu yake haijachoka. Jambo la pili ni saa ya kuondoka. Mtazame kiungo mwenye mpira: akiwa ameinamisha kichwa hawezi kukupasia, kwa hiyo tulia, anapoinua kichwa na kuutanguliza mpira hatua moja mbele yake, hapo ndipo mbio zinaanza. Jambo la tatu ni njia ya kukimbilia. Anza kwa hatua mbili tatu sambamba na mstari wa mabeki, kisha ukate kuelekea golini wakati mguu wa mpasi unaugusa mpira, kwa sababu sheria ya kuotea hupima mahali ulipo wakati mwenzako anapoucheza mpira na si wakati unapoupokea. Kumbuka pia kwamba mchezaji aliye ndani ya nusu yake ya uwanja hahesabiwi kuwa ameotea, kwa hiyo timu pinzani inapopandisha mabeki hadi katikati ya uwanja, unaweza kuanzia mbio zako upande wako bila hofu yoyote.

Itazame mechi ya Novemba 28, 2015 kati ya Leicester na Manchester United. Kona ya United inaishia mikononi mwa kipa Kasper Schmeichel, naye anamrushia haraka Christian Fuchs, ambaye anakwenda na mpira kwa kasi. Vardy yuko upande wa kulia, anakimbia kwa mkato, anaipokea pasi akiwa tayari ameingia ndani ya kumi na nane na kupiga shuti la chini linalompita David de Gea kuelekea nguzo ya mbali. Goli hilo lilimfanya awe mchezaji wa kwanza kufunga katika mechi 11 mfululizo za Ligi Kuu ya Uingereza na kuivunja rekodi ya Ruud van Nistelrooy ya mechi 10. Ukiirudia picha hiyo mara kadhaa utaona kwamba hakupiga chenga hata moja.

Mazoezi yake hayahitaji vifaa vingi. Mpate kiungo mmoja na beki mmoja, au weka koni mbili pale ambapo beki angesimama, na urudie mbio hizo ukianzia kushoto, katikati na kulia, ukimalizia kwa kugusa mara moja mbele na kupiga. Fanya mazoezi haya mwanzoni, miguu ikiwa haijachoka, na upumzike kikamilifu kati ya mbio moja na nyingine, maana mbio za kasi zinazofanywa kwa uchovu hukufundisha kukimbia taratibu. Kama silaha yako ni kichwa, au kuulinda mpira dhidi ya beki kwa mgongo na kugeuka, utaratibu ni uleule: hali halisi ya mechi, marudio mengi, na mtu wa kukukosoa.

Ongeza jambo moja ambalo halihitaji kipaji, yaani kuwasumbua mabeki wenye mpira. Leicester ya kocha Claudio Ranieri ilikaa nyuma na kushambulia kwa kushtukiza, lakini presha ilianzia kwa Vardy. Kocha anayekutazama kwa mara ya kwanza huenda asikuone ukifunga siku hiyo, lakini bila shaka ataona kama unakimbia timu yako ikiwa haina mpira.

Usiache kazi mapema

Wright alikuwa na familia na kazi za ujenzi huku akicheza katika timu za mtaani za kusini mwa London, na alisaini Crystal Palace Agosti 1985 akikaribia kutimiza miaka 22, baada ya majaribio katika klabu nyingine kushindikana. Vardy alibaki na kazi ya kiwandani kwa miaka kadhaa. Kazi inampa mchezaji chakula, nauli na utulivu wa kukataa mkataba mbaya. Tafuta kazi yenye zamu zinazokuachia jioni, na mweleze mwajiri tangu mwanzo siku zako za mechi.

Panda ngazi moja baada ya nyingine

Halifax walikuwa daraja la saba, Fleetwood daraja la tano, Leicester daraja la pili. Kila mahali Vardy aliacha magoli na kombe: akiwa na Halifax walipanda daraja, na akiwa Fleetwood alifunga magoli 31 ya ligi katika msimu wa 2011/12 na kuivusha klabu hiyo kuingia ligi za kulipwa kwa mara ya kwanza. Mchezaji anayeruka kutoka ligi ya wilaya kwenda benchi la klabu kubwa hukosa dakika za kucheza, na mshambuliaji asiyecheza hana cha kumwonyesha msaka vipaji. Ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya jezi ya klabu maarufu na uhakika wa kuanza katika daraja moja juu ya lako, chukua uhakika wa kuanza. Meddie Kagere, kabla hajawa mfungaji bora wa Ligi Kuu Tanzania Bara akiwa na Simba katika misimu ya 2018/19 na 2019/20, alikwisha pita klabu kadhaa za nje, Gor Mahia ya Kenya ikiwemo, na umri wake ulikuwa umevuka miaka thelathini.

Weka kumbukumbu za kila mechi: tarehe, mpinzani, dakika ulizocheza, magoli na namna yalivyofungwa. Omba rafiki akurekodi kwa simu mechi nzima, kwa kuwa kocha makini hutaka kuona unafanya nini baada ya kupoteza mpira, na vipande vya magoli pekee havimwonyeshi hilo.

Usipunguze umri. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu katika ukanda wetu vijana wengi hushauriwa na watu wazima wanaowaamini kwamba bila kujipunguzia miaka hawatasajiliwa. Nyaraka zinazopingana zinaweza kuleta kifungo na kufuta kazi yote ya nyuma, na Vardy alinunuliwa akiwa na miaka yake 25 bila kuificha. Tena, umri mkubwa una faida ambayo wachache huifahamu: kwa kanuni za FIFA za uhamisho wa kimataifa, fidia ya mafunzo inayolipwa kwa klabu zilizomlea mchezaji haidaiwi tena baada ya kumalizika kwa mwaka anaotimiza miaka 23. Klabu ya nje inayokutaka ukiwa na miaka 24, na mkataba wako umekwisha, haina gharama hiyo. Kanuni hizohizo zinakuruhusu kusaini na klabu nyingine pale mkataba wako unapobakiza miezi sita au pungufu. Wakala wa kufanya naye kazi ni yule mwenye leseni ya FIFA, na mkataba wa uwakilishi usizidi miaka miwili. Anayedai fedha taslimu ili akupeleke kwenye majaribio, achana naye.

Msimu wa kwanza wa juu utakuumiza

Hapa ndipo wengi hurudi nyuma. Katika msimu wa 2012/13 Vardy alifunga magoli manne tu ya ligi, mashabiki wakamsema, naye akafikiria kuacha soka. Kocha Nigel Pearson na msaidizi wake Craig Shakespeare walimkalisha chini na kumwambia kwamba wanamwamini. Msimu uliofuata alifunga magoli 16 ya ligi na Leicester ikapanda Ligi Kuu. Jiandae kwa msimu wa namna hiyo kabla haujafika: saini mkataba wa angalau miaka miwili, ili mwaka mbaya usiwe wa mwisho, muulize kocha kila mwezi ni jambo gani moja anataka ulibadilishe, na ukiwa benchi, omba mechi za kikosi cha pili badala ya kusubiri dakika tano za mwisho. Kocha naye anayemsajili mchezaji kutoka chini ampe msimu mzima, maana kasi ya mchezo, idadi ya mazoezi na macho ya watu vyote hubadilika kwa wakati mmoja.

Mwili

Drogba alisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa na Le Mans akiwa na miaka 21, baada ya kuhamahama nchini Ufaransa tangu utotoni, na miaka ya mwanzo ilikuwa ya majeraha kwa sababu mwili wake haukuwa umezoea kufanya mazoezi kila siku na kucheza kila wiki. Alipozoea, mambo yalikwenda haraka: Guingamp mwaka 2002, Marseille 2003, Chelsea 2004. Kwa hiyo ongeza mzigo wa mazoezi polepole kwa wiki kadhaa kabla ya kujiunga na timu ya kulipwa. Tumia programu ya kupasha mwili ya FIFA 11+, inayochukua kama dakika 20, na zingatia zoezi lake la misuli ya nyuma ya paja, ambapo unapiga magoti, mwenzako anakushika vifundo vya miguu, nawe unajishusha mbele taratibu ukiwa umenyooka. Mshambuliaji wa kasi akiumia misuli hiyo mara kwa mara hupoteza kilekile alichosajiliwa nacho.

Ukivuka miaka 30, punguza mechi zisizo na lazima. Mwaka 2018 Vardy aliomba asiitwe tena timu ya taifa ya Uingereza, na katika msimu wa 2019/20, akiwa na miaka 33, alikuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu kwa magoli 23, mkubwa kwa umri kuliko wote waliowahi kuipata tuzo hiyo. Kwa mchezaji wa kwetu, cha kwanza kuachwa ni mechi za ndondo na mabonanza ya mapumziko ya msimu, hata zikiwa na posho nzuri na hata waandaaji wakiwa ni marafiki wa zamani. Nenda ukawatazame, wasaidie kwa jezi na mipira ukiweza, lakini usivae viatu.